Antena ya Pili

Mkurugenzi wa idara ya upimaji pale bandarini alipenda vitu viwili tu duniani: picha zake mwenyewe, na mashine asizojua kuziwasha. Watu walimwita Bwana Setilaiti, nyuma ya mgongo wake lakini, maana ukimuuliza jambo lolote, hata kwa nini choo cha ofisi kimeziba, lazima angeipitisha setilaiti mahali fulani katika jibu lake. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilifungwa tai kila asubuhi.

Mpimaji alimdharau tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua sana kuficha. Mpimaji huyu alikuwa mwanamke mwenye elimu nzuri ya kupima bahari, macho makali, na ulimi ulioyashinda macho. Kutwa alikaa ndani ya boti ya upimaji mbele ya kompyuta, boti ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, juu ya njia ya kuingilia meli, kama mtu anayepiga deki ukumbi mrefu. Kifaa kilichofungwa chini ya boti kilipima kina cha maji. Antena iliyosimama juu ya paa ilipokea mawimbi ya setilaiti na kusema boti iko wapi. Programu kwenye kompyuta ikayaoanisha hayo mawili: hapa, kina ni hiki. Ukikosea "hapa", hicho kina chako nenda ukakitupe, maana hakuna nahodha wa meli anayetaka kujua kina cha mahali asipopita.

Usukani wa boti ulishikwa na baba yake mzazi.

Usidhani mmoja alimbeba mwenzake. Baba alikuwa nahodha wa boti ile tangu binti hajajua kusoma, na binti alipata kazi kwa vyeti vyake. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, shati safi, na kikombe cha bati cha chai ya tangawizi kilichokaa pembeni ya usukani siku zote. Ungemwona hivyo ungesema huyu amezaliwa mtaratibu. Wapi. Zamani mzee alikuwa akipiga maji, na si ya kuonja. Alikuwa analewa chakari, anarudi nyumbani akiegemea kuta za majirani, na asubuhi anaamka na kikombe kilekile akidai ni chai. Mama, kwa kuwa hakutaka kugombana naye tena, alikuwa anamtuma mtoto. "Nenda kanuse kikombe cha baba yako." Mtoto anakwenda, ananusa, anarudi na jibu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya upimaji, ukitaka kusema hivyo.

Kisha siku moja baba aliacha. Hakuna aliyemwombea dua wala kumpeleka popote, aliacha tu. Alimwita binti yake jikoni, akampa kikombe, akamwambia anuse. Ilikuwa chai kweli. Akamwambia, "Basi, mama. Kuanzia leo hunusi tena kikombe changu." Akatimiza. Binti akakua, akasoma, akaolewa na kuachika na kurudi kazini, na miaka yote hiyo mzee hakugusa hata tone. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho mpimaji hakukidharau, ni hicho.

Sasa tuje kwenye upumbavu wenyewe.

Kulikuwa na wageni wanakuja, watu wakubwa wa kutazama vifaa na kutikisa vichwa. Bwana Setilaiti akanunua kipokezi kipya cha setilaiti pamoja na antena yake, nyeupe, ya duara, inayong'aa. Akaamuru ifungwe kwenye ukingo wa nyuma wa boti, upande wa kushoto.

"Kwa nini pale, Bosi?" mpimaji akauliza. "Pale juu ya paa ndipo inapoona anga vizuri."

"Pale juu haitokei kwenye picha," Bwana Setilaiti akasema, bila haya hata kidogo.

"Na ile ya zamani niizime?"

"Uizime ya nini? Tumia zote. Setilaiti moja inaona, setilaiti mbili zinaona zaidi. Si hesabu hiyo?"

Fundi wa injini, ambaye wenzake walimwita Grisi kwa sababu ya mikono yake, alijitia kutafuta spana chini ya sakafu ili asionekane anacheka. Mpimaji hakutafuta spana. Alimtazama bosi wake usoni, akasema, "Ndiyo, Bosi, ndiyo hesabu yenyewe," na moyoni akasema mengine.

Angeweza kumweleza. Jambo lenyewe si gumu. Programu inataka kuambiwa antena iko umbali gani kutoka kwenye kifaa cha kupimia kina, mbele au nyuma, kulia au kushoto, ili ijue mahali hasa panapopimwa. Vipimo hivyo alikuwa ameviandika kwa antena ya paani peke yake. Ukiingiza antena ya pili iliyo nyuma kabisa bila kuiambia programu kuwa iko nyuma, basi programu kila inapoisikiliza hiyo, inadhani boti imerukia mahali pengine. Hilo angelieleza kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Lakini aliona asiyejua maana haambiwi maana, na kumwelimisha mpumbavu ni kumpunguzia utamu wa kumcheka.

Kwa hiyo alifungua ukurasa wa kuchagua chanzo cha mahali. Palikuwa na nafasi ya kuchagua kipokezi cha zamani, au kipya, au chochote kitakachotangulia kufika. Akachagua hilo la tatu, akamwambia Grisi, "Haya, ale setilaiti zake zote mpaka avimbiwe." Nia yake ilikuwa kurudisha la kwanza wageni wakishaondoka.

Wageni walikuja. Kwenye skrini kubwa mstari wa boti ulikuwa ukikatakata na kurukaruka, na Bwana Setilaiti akamwinamia mpimaji sikioni. "Mbona unakwaruza hivyo? Unaniaibisha. Ulainishe." Kwenye programu kuna kitu cha kulainisha mstari, cha kuondoa vijitetemo vidogo vya mawimbi. Mpimaji akakivuta mpaka mwisho. Mstari ukawa laini, ukapendeza, wageni wakatikisa vichwa, picha zikapigwa, antena nyeupe ikatokea vizuri sana begani mwa Mkurugenzi, na watu wakaenda kula.

Mpimaji alikula nao, na pale mezani alikuwa na kazi kubwa. Alimwigiza Bwana Setilaiti. Alimwigiza anavyotembea, anavyoshika tai, anavyosema "mbili zinaona zaidi." Meza nzima ilishika mbavu. Aliigiza siku hiyo, akaigiza kesho yake, akaigiza mpaka kwa wauza duka wa mtaani kwake. Na katika kuigiza huko, ule ukurasa wa chanzo cha mahali hakuurudia tena.

Nyani haoni kundule, lakini la mwenzake analiona hata akiwa juu ya mti mwingine.

Wiki iliyofuata kazi ya njia ya meli ikaendelea, na ramani ya mistari iliyopitwa ikabandikwa ukutani ofisini. Ungeiona ungesikitika. Mistari iliyopaswa kwenda sambamba ilikuwa inapepesuka. Inakwenda, inalegea kushoto, inajikumbuka, inarudi kulia, inalegea tena. Mashine ikiruka peke yake huonekana ni mashine, kila mtu angeitambua. Lakini miruko ile ilikuwa imelainishwa, na mruko ukiulainisha unakuwa mwendo wa mtu aliyevaa miwani ya pombe, anayeutafuta mlango wa kwake.

Bwana Setilaiti alisimama mbele ya ramani, mikono nyuma. Alikawia pale, ili watu wakusanyike.

"Mistari hii," akasema, "imelewa."

Watu wakacheka. Mmoja akataja zamani za nahodha. Mwingine akasema lisemwalo lipo. Wale wale waliocheka mezani juu ya Mkurugenzi sasa walikuwa wanacheka pamoja naye, na mpimaji akasikia uso wake unawaka kuanzia shingoni. Aliona aibu. Lakini ndugu yangu, sikiliza aibu yenyewe: hakuona aibu kwamba baba yake anasingiziwa. Aliona aibu ya yule mtoto aliyekuwa anatumwa jikoni. Aliitazama ramani, akaamini.

Mtu aliyemdharau Bwana Setilaiti kwa kuamini kila kitu kinachong'aa kwenye skrini, aliamini skrini.

Asubuhi iliyofuata walipanda botini. Bwana Setilaiti naye alikuja, eti kukagua, na viatu vyake vya ngozi. Baba alikuwa ameshika usukani, anangoja kufungua kamba. Kikombe kilikuwa mahali pake. Mpimaji alipita nyuma ya baba yake kana kwamba anafuata waya, akanyoosha mkono, akakiinua kikombe, akanusa.

Tangawizi.

Alipoinua macho baba yake alikuwa anamtazama. Grisi alitazama pembeni. Bwana Setilaiti hakutazama pembeni hata kidogo.

"Chai, mama," baba akasema.

Pale ndipo angeweza kuishia, na pengine yangezoleka. Lakini ulimi ule ulizoea kusema la mwisho.

"Basi ulishakunywa nyumbani," akasema.

Baba akatoa mikono kwenye usukani, taratibu, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayeweka chini kitu cha wenyewe. Bwana Setilaiti akatangaza papo hapo kwamba mzee asimamishwe kazi mpaka kikao cha nidhamu kikae, na kwamba kikao kitaamua kama mtu wa namna hiyo anafaa kubaki na cheti cha unahodha. Mzee akachukua kikombe chake, akamwaga chai baharini, akashuka.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya kuliko kazini. Mama, aliyelala miaka yote hiyo bila wasiwasi, alianza kufungua makabati. Hakusema anatafuta nini. Alifungua lile la vyombo, akafungua la nguo, akainama chini ya sinki. Mzee alikaa uani kwenye kiti cha plastiki akimsikiliza.

"Mama watoto," akaita, "na chini ya godoro hujatazama."

Mama akakaa kitandani akalia. Mpimaji alikuwepo, alikuja kuona hali, na aliona yote hayo. Alimhurumia mama yake. Kwa baba yake alikuwa na hasira ya mtu aliyevunjiwa ahadi, na hasira hiyo ilimfaa sana, kwa kuwa ilimzuia kufikiri.

Cheti cha unahodha ndicho kilichokuwa kinakwenda na maji. Kwa umri wake mzee asingepata kingine, na hata kama angepata chombo cha kuendesha, nani angempa, akishaitwa mlevi kwa muhuri wa ofisi? Mtaa mzima ungesema tulijua. Angekufa na jina hilo.

Siku moja kabla ya kikao, mchana kweupe, mpimaji aliingia botini peke yake kuandaa mistari ya kuwaonyesha wanakikao. Boti ilikuwa imefungwa gatini, kamba mbele, kamba nyuma, na Grisi alikuwa amekaa juu ya nguzo ya kufungia kamba anatafuna mkate. Mpimaji akawasha vifaa ili programu ifunguke. Akainama kutafuta faili zake. Alipoinua kichwa, alama ya boti kwenye skrini ilikuwa inatembea.

Ilikuwa inalegea kushoto. Ikajikumbuka. Ikarudi kulia.

Akatazama dirishani. Grisi alikuwa bado anatafuna. Kamba zilikuwa zimekazwa. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na usukani haukuwa na mtu. Akarudi kwenye skrini. Boti ilikuwa inapepesuka vilevile ilivyopepesuka mistari ya baba yake ukutani ofisini, mpindo kwa mpindo.

Hakuhitaji kutafuta sana. Alifungua ukurasa wa chanzo cha mahali, na pale palikuwa na chaguo lake la tatu, limekaa kama alivyolikalisha, pamoja na ulainishaji aliouvuta mpaka mwisho. Alikumbuka maneno yake yote, "ale setilaiti zake", na meza nzima ikicheka, na namna alivyofurahi kuwa mwerevu. Upuuzi wa antena mbili ulikuwa wa Bwana Setilaiti, sawa, lakini aliyejua kwamba ni upuuzi alikuwa yeye, na mwenye kujua ndiye aliyeuwasha na kuuacha unafanya kazi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, akamweleza. Safari hii alieleza vizuri, kila kitu, hata vipimo vya antena. Bwana Setilaiti alimsikiliza akizungusha kalamu.

"Sasa dada yangu," akasema, "tukisema vifaa vimekosea, wale wageni watatuonaje? Acha kikao kikae. Mzee atapewa onyo dogo, atapumzika nyumbani, mwili wenyewe umechoka. Wewe rekebisha hiyo programu kimyakimya. Mimi sijasikia kitu."

"Atanyang'anywa cheti, Bosi."

"Mbona wewe mwenyewe ulimnusa?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, Bwana Setilaiti alikuwa amesema kitu cha kweli bila kutaja setilaiti.

Hakurekebisha kitu. Aliacha programu kama ilivyo, na asubuhi akaibeba kompyuta, akavuta waya mrefu kutoka botini kupitia dirishani mpaka kwenye meza ya kikao, maana chumba chenyewe kilitazamana na gati. Wanakikao walikuwa wamekaa na nyuso zao za kikao. Baba alikuwa mwisho wa meza, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Hakumtazama binti yake.

"Waheshimiwa," mpimaji akasema, "hii ndiyo boti kwenye skrini. Ile kule nje ndiyo boti yenyewe."

Wakatazama skrini. Boti ikalegea kushoto. Wakatazama dirishani, shingo zote kwa pamoja. Boti ilikuwa imefungwa kamba. Wakarudi kwenye skrini. Ikarudi kulia.

"Nani kashika usukani?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna mtu, Mwenyekiti."

"Sasa mbona inayumba?"

Akawaeleza. Mwenyekiti alielewa, wengine walijifanya kuelewa, na Bwana Setilaiti, alipoona upepo umegeuka, akageuka nao haraka kuliko bendera. Akasema ni jambo la kusikitisha, na kwamba lazima ijulikane ni nani hasa aliyeseti programu hiyo.

"Ni mimi," mpimaji akasema. "Niliambiwa niweke mbili. Nilijua haifai, nikaweka kwa dhihaka, nikasahau. Nahodha hajanywa. Mistari yake ilinyooka, mimi ndiye niliyeipinda, na mimi huyohuyo nikamnusia kikombe."

Mzee alifutiwa mashtaka yote kabla ya chai ya saa nne. Mpimaji alipewa onyo kali. Bwana Setilaiti alisimama kufunga kikao kwa hotuba fupi, akasema hii ndiyo faida ya teknolojia, kwani bila setilaiti ukweli usingejulikana. Watu wakampigia makofi. Mtu wa namna hiyo hazami, hata ukimfunga jiwe.

Jioni mpimaji alikwenda kwa wazazi wake, akapiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki, akaomba radhi. Alilia sana, na alilia kweli. Baba akamshika kichwa.

"Yamekwisha, mama. Inuka ule."

Mama naye aliomba radhi yake kwa njia yake, akapika kile ambacho mzee anapenda, na wote watatu wakala, wakaongea habari za majirani. Mpimaji akarudi kwake mwepesi. Aliamini kabisa kwamba yamekwisha.

Asubuhi iliyofuata alifika botini mapema. Aliing'oa antena nyeupe kwa mikono yake, akaacha ile ya paani peke yake, akapima upya umbali wake na kifaa cha kina, akaingiza vipimo, akarudisha ulainishaji mahali pake. Alama ya boti ikatulia kwenye skrini. Grisi akatia injini mafuta. Kisha baba akapanda, shati safi, kama siku zote. Akajimiminia chai kwenye kikombe chake cha bati.

Hakwenda kwenye usukani. Alikuja mpaka kwenye kiti cha binti yake, akasimama, akamnyooshea kikombe mpaka chini ya pua.

"Nusa kwanza, mama."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Laiti ingekuwepo, angejua la kujibu, maana kwa hasira alikuwa hodari.

"Baba, jamani. Basi."

"Nusa. Tusije tukafika katikati ukawa na shaka."

Grisi alisimama na kitambaa chake mkononi, hajui aende wapi. Mzee hakuondoa kikombe. Injini ilikuwa kimya na kamba zilikuwa hazijafunguliwa, na ilionekana wazi kuwa hazitafunguliwa. Mpimaji akainama, akanusa. Mvuke wa tangawizi ukampanda machoni.

"Ni nini?" baba akauliza.

"Chai."

"Haya."

Akaenda kwenye usukani, akaweka kikombe mahali pake, akawasha injini. Kutwa nzima walipima njia ya meli, na mistari kwenye skrini ilikwenda sambamba, mmoja baada ya mwingine, hakuna hata mmoja uliopinda. Kesho yake asubuhi, kabla kamba hazijafunguliwa, baba alikuja tena na kikombe.